Tijara ya Nywele na Maji ya Mwili

Dawa ya minoksidili, inayouzwa leo nchini Marekani kwa watu wazima wenye upara, haikupewa idhini kwanza kwa ajili yao, kwani kampuni ya Upjohn ya Kalamazoo, Michigan, iliitoa mwaka 1979 kwa jina la Loniten, iwe kidonge cha wagonjwa ambao shinikizo lao la damu lilizishinda dawa nyingine. Wagonjwa hao walipoota nywele usoni na mikononi, adha yao ikawa tamaa ya wengine, na mwaka 1988 dawa ya kupaka kichwani, Rogaine, ikaingia sokoni. Hataza ilipokwisha mwaka 1996, mlango wa kuiga ukafunguka.

Lakini kidonge, ambacho leo hutolewa pia kwa ajili ya nywele, hakikuacha tabia yake. Hutanua mishipa, na shinikizo likishuka, mafigo huzuia chumvi na maji kana kwamba mwili umepungukiwa, hata vifundo vya miguu vikavimba, uzito ukazidi kwa siku chache, na kwa nadra maji yakajikusanya katika utando uuzungukao moyo. Ndiyo sababu mgonjwa wa shinikizo aghalabu hupewa pamoja nacho dawa ya kukojosha na nyingine ya kutuliza mapigo.

Sikusudii kumtisha mtu, madhali dozi ya shinikizo ghalibu ni miligramu 10 hadi 40 kwa siku, ilhali matabibu wa nywele hutoa robo ya miligramu hadi 5, na Rodney Sinclair wa Australia, katika makala yake ya mwaka 2018, aliiambatanisha robo hiyo na spironolaktoni, ambayo yenyewe hupunguza maji.

Ninalolisikitikia ni mpango wa biashara. Kidonge kisicho na hataza ni rahisi mno, basi faida hutafutwa katika cheti cha daktari na malipo ya kila mwezi, kwa njia ya intaneti, kama zifanyavyo kampuni za mfano wa Hims & Hers, iliyoanzishwa mwaka 2017; na tabibu aliye mbali hawezi kuubonyeza mguu aone kama kidole kimeacha shimo. Apokeaye fedha kila mwezi ana wajibu, kabla ya kupeleka pakiti ya kwanza, kuuliza habari za moyo na mafigo, na kabla ya kila pakiti ifuatayo, kuuliza uzito, shinikizo, na kama viatu vimeanza kubana.