Kwa Nini Wafungwa Wengine Hurudi Gerezani

Mara nyingi husikika watu wakisema barazani kwamba mwizi ni mwizi tu, na ya kuwa kumfundisha mfungwa kazi ni kupoteza fedha za Serikali. Wasemao hivyo hawajaangalia sana yale yampatayo mfungwa katika majuma ya kwanza baada ya kufunguliwa.

Ifahamike kwamba wafungwa walio wengi hurudi kwao. Sheria ya Magereza ya Kenya humpa mtu aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja nafasi ya kupunguziwa theluthi ya kifungo chake, akiwa mtiifu na mwenye bidii ya kazi. Basi aliyefungwa miaka 3 aweza kutoka baada ya miaka 2. Siku hiyo yu huru mbele ya sheria, lakini mara nyingi mikononi hana kitu, kwa maana ujira wa kazi ya gerezani ni mdogo mno.

Ndani ya magereza kazi hufundishwa. Wanaume hujifunza useremala, uashi na ushonaji. Wanawake wa gereza la Lang'ata, Nairobi, hushona nguo na kutunga ushanga. Na wako wafungwa wafanyao mitihani ile ile ya shule ifanywayo na watoto wa nchi nzima. Tangu mwaka 2003, Bw. Moody Awori alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, magereza yalianza kufunguliwa macho ya watu wa nje. Hayo ni mema. Lakini si kila kazi ya gerezani imfaayo mtu akitoka. Vibao vya namba za magari ya Kenya hutengenezwa katika gereza la Kamiti. Mtu aweza kuwa fundi hodari wa vibao hivyo kwa miaka kumi, kisha asipate nje karakana hata moja iliyo halali ya kumwajiri.

Tazama sasa yule aliyejifunza useremala vizuri. Afika kwao, akuta shamba lalimwa na ndugu zake, mkewe amekwisha rudi kwa wazazi, na majirani wahesabu kuku wao kila apitapo. Aenda mjini. Mwenye kazi ataka cheti cha polisi cha tabia njema, nacho ndicho kile atakiwacho hata dereva wa matatu; na hukumu yake iko katika kumbukumbu za polisi. Wampokeao kwa furaha ni rafiki aliojuana nao gerezani. Hao wana chakula, wana mahali pa kulala, na wana shauri la usiku.

Hatusemi kwamba mkosaji hana lawama. Aliyeibiwa ng'ombe ana haki ya kuona mwizi wake akiadhibiwa. Lakini wako wafungwao majuma machache tu kwa kupika chang'aa au kwa kukosa faini. Muda huo hautoshi kujifunza kushika randa, ila watosha kabisa kujuana na wevi. Kwa ajili ya watu kama hao ilitungwa sheria ya mwaka 1998, ambayo kwayo mahakama yaweza kumwamuru mtu astahiliye kifungo kisichozidi miaka 3 afanye kazi ya umma bila malipo, naye alale kwake. Hivyo watoto hawakosi mlezi.

Kwa wafungwa wa muda mrefu, ofisa wa probesheni aweza kwenda kijijini kabla ya siku ya kutoka, akasema na chifu, na jamaa, na hata yule aliyekosewa. Kazi hii haionekani sana, lakini kwa maoni yetu yapita zote kwa faida, kwa kuwa seremala yule akifika atakuta imekwisha julikana atalala wapi na nani atampa mlango wa kwanza kutengeneza. Mwenye ndugu anayekaribia kumaliza kifungo na asingoje kuitwa. Na aende ofisi ya probesheni iliyo karibu naye, aeleze kama kuna chumba, shamba au kazi imngojayo.