Mwanafunzi Afunzwe Kanuni Kabla ya Hila

Mwulize mwanafunzi anayejifunza kutengeneza kurasa za wavuti kwa nini huanza kila kazi kwa mstari usemao "box-sizing: border-box". Aghalabu atakujibu kwamba ndivyo alivyoambiwa. Huo ni ukasuku, na lawama si yake peke yake.

Mstari huo una historia. Kanuni za CSS, lugha ya kupamba kurasa, ziliidhinishwa na shirika la W3C mnamo Desemba 1996. Zilisema kwamba upana wa sanduku ni upana wa yaliyomo tu. Ukiandika pikseli 300, kisha uongeze nafasi ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 5 kila upande, sanduku litachukua pikseli 350 kwenye skrini. Lakini Internet Explorer 5 ya Windows, iliyotoka mwaka 1999, iliingiza nafasi na mpaka ndani ya zile 300, yaliyomo yakabanwa hadi 250. Ukurasa ulikuwa ule ule, ila kwenye kivinjari kimoja ulipendeza na kwenye kingine safu zilivurugika.

Hapo ndipo Tantek Çelik alipobuni hila yake mashuhuri. Aliandika kwanza upana wa uongo, tuseme 350, akafuatisha alama chache za nukuu na mabano zilizokifanya kivinjari kile kidhani amri imekwisha. Vivinjari vyenye kusoma barabara viliendelea mbele na kuukuta upana wa kweli, 300. Naam, ulikuwa ujanja wa kusifiwa! Hata hivyo, aliyeunakili bila kuandika maelezo alimwachia mrithi wake fumbo.

Internet Explorer 6 ilipotoka mwaka 2001, ilifuata kanuni, mradi ukurasa uanze kwa tamko sahihi la aina ya hati. Hata leo, ukurasa usio na tamko hilo husomwa kwa taratibu za kale.

Ajabu ni kwamba watengenezaji wengi waliona hesabu ya kile kivinjari kikosefu ndiyo nyepesi zaidi. Baadaye CSS ikampa mwandishi hiari ya kuichagua, na hiari hiyo ndiyo mstari ule wanaoukariri wanafunzi wetu.

Sisemi hila zisifunzwe. Fundi atazihitaji, maadamu vivinjari havilingani. Lakini mwalimu anayesahihisha kazi zote kwa kompyuta moja yenye kivinjari kimoja humfunza mwanafunzi kukiridhisha kivinjari hicho, ilhali wasomaji wa ukurasa watakuja na vingine, tena wengi wao kwa simu.

Mtihani wake si mgumu. Mpe mwanafunzi lile sanduku la pikseli 300, umwondolee ule mstari, kisha umtake aandike kwa kalamu litakuwa na upana gani kabla hajaruhusiwa kuigusa kompyuta.