Kwa nini madaktari wa familia hawadumu vijijini Afrika Kusini

Sheria, posho na madaktari wa kigeni, vyote vimejaribiwa ili kuziba pengo la madaktari katika hospitali za vijijini nchini Afrika Kusini. Uzoefu wa zaidi ya robo karne unaonyesha kwamba kumpeleka daktari kijijini ni jambo moja, na kumfanya abaki huko ni jambo jingine.

Kitongoji cha Observatory kiko kilimani, mashariki ya kitovu cha jiji la Johannesburg, jirani na Yeoville. Jina lake linatokana na kituo cha kuchunguza nyota kilichojengwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Katika kituo hicho, mwaka 1915, mtaalamu Robert Innes aligundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na jua letu.

Daktari kijana anayetafuta makazi, hata hivyo, huvutiwa na mambo mengine. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, maarufu kwa jina la Wits, kina kitivo chake cha tiba huko Parktown, mwendo mfupi kwa gari. Shule ya Sacred Heart iko hapo hapo Observatory. Mume au mke wa daktari anaweza kutafuta kazi mjini, na mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa kwa bingwa bila safari ndefu.

Hali ni tofauti kabisa Ingwavuma, mji mdogo ulioko juu ya milima ya Lebombo, kaskazini mwa jimbo la KwaZulu-Natal, karibu na mpaka wa Eswatini. Hospitali ya Mosvold iliyoko huko huhudumia watu waliotawanyika katika vijiji vya mbali, na hospitali kubwa za rufaa ziko umbali wa saa kadhaa.

Tofauti hiyo ya maisha ndiyo inayozungumza katika takwimu. Katika miaka ya 2000 ilikadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 40 ya wananchi wa Afrika Kusini waliishi vijijini, lakini ni asilimia 12 tu ya madaktari waliofanya kazi huko. Tatizo hili si la nchi hiyo peke yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2010 kwamba karibu nusu ya watu wote duniani waliishi vijijini, wakihudumiwa na chini ya robo ya madaktari.

Daktari wa familia ni nani?

Afrika Kusini iliitambua rasmi tiba ya familia kuwa fani ya ubingwa mwaka 2007. Bingwa wa fani hii hajifungi katika kiungo kimoja cha mwili. Katika hospitali ya wilaya humzalisha mama kwa upasuaji, hutoa dawa ya usingizi, hutibu kifua kikuu na maradhi yanayotokana na virusi vya HIV, na huwasimamia madaktari wachanga na wauguzi wa zahanati zinazoizunguka hospitali. Akiondoka yeye, wagonjwa hupoteza tabibu, na vijana waliobaki hupoteza mwalimu.

Hatua zilizochukuliwa

Mwaka 1996 madaktari wa kwanza kutoka Cuba waliwasili kufuatia makubaliano ya serikali hizo mbili, na mwaka uliofuata vijana wa Afrika Kusini, wengi wao kutoka familia maskini, walianza kupelekwa Cuba kusomea udaktari.

Mwaka 1998 serikali ilianzisha utumishi wa lazima wa mwaka mmoja katika hospitali za umma kwa kila daktari anayemaliza mafunzo ya utarajali. Hospitali nyingi zilizokuwa na upungufu mkubwa zilipata nafuu. Lakini mwaka ulipokwisha wengi walifungasha mizigo yao, na hospitali zikaanza tena kuwafundisha wageni wengine.

Kisha ikaja posho ya vijijini, iliyoanza kulipwa mwaka 2004, ambayo kwa madaktari wa maeneo magumu zaidi ilifikia asilimia 22 ya mshahara. Fedha hizo zilisaidia. Hata hivyo, posho haimpatii mtoto shule, wala haimwondolei daktari upweke wa kukesha peke yake na mgonjwa mahututi.

Mtoto wa kijiji hurudi kijijini

Utafiti wa madaktari Elma de Vries na Steve Reid, uliochapishwa mwaka 2003, ulifuatilia mahali walikofanyia kazi wahitimu wa udaktari wa Afrika Kusini. Miongoni mwa waliotoka vijijini, asilimia 38 walikuwa wakifanya kazi vijijini. Kwa waliotoka mijini, kiwango kilikuwa asilimia 12 tu.

Wazo hilo lilikuwa limekwisha kuanza kutekelezwa Ingwavuma. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dakta Andrew Ross wa hospitali ya Mosvold alianzisha mpango wa kuwasomesha vijana wa eneo hilo, ambao baadaye ulikuja kuwa wakfu wa Umthombo. Mwombaji hujitolea kwanza katika hospitali ya kwao, na huhojiwa na watu wa huko huko. Akifadhiliwa, hupewa mlezi wa kumshika mkono chuoni, na kwa kila mwaka aliosomeshwa hulipa kwa mwaka mmoja wa kazi katika hospitali ya kwao. Mamia ya wataalamu wa afya wamehitimu kwa njia hiyo. Chuo cha Wits nacho kilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 2003.

Afrika Mashariki imepita njia zinazofanana. Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret, kilianza kufundisha ubingwa wa tiba ya familia mwaka 2005, na wanafunzi wake wakapelekwa kujifunza katika hospitali za mashambani kama vile Chogoria. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliwaleta madaktari mia moja wa Cuba na kuwasambaza katika kaunti zote. Mwaka uliofuata wawili kati yao walitekwa nyara Mandera, na mwaka 2023 serikali ilitangaza kuwa haitauendeleza mpango huo.

Madaktari wapo, ajira hazipo

Leo Afrika Kusini inakabiliwa na kitendawili kipya. Mamia ya madaktari waliomaliza utumishi wao wa lazima wamejikuta bila kazi, huku wagonjwa wa vijijini wakiendelea kupanga foleni tangu alfajiri. Sababu ni kwamba majimbo hayana fedha za kulipia nafasi hizo. Mwezi Aprili mwaka 2025 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza kuajiriwa kwa madaktari 1,200, wauguzi 200 na wataalamu wengine 250.

Mapendekezo ya WHO ya mwaka 2010, yaliyofanyiwa marekebisho mwaka 2021, yanasisitiza kwamba hakuna hatua moja inayotosha. Kumchagua mwanafunzi wa kijijini, kumfundishia karibu na kwao, kumpatia nyumba nzuri na wenzake wa kushauriana nao, na kuwafikiria mwenzi na watoto wake, ni mambo yanayokwenda pamoja. Lakini kijana wa Ingwavuma aliyehitimu na kurudi nyumbani hataweza kubaki huko iwapo bajeti ya jimbo haina nafasi yenye mshahara wake. Atapanda basi kuelekea Johannesburg kama waliomtangulia.