Maabara ya saratani ianzie kwenye chupa

Ikitajwa maabara ya hospitali ya saratani, macho hukimbilia mashine na idadi ya vyumba. Lakini mchoro wake unapaswa kuanzia mbali zaidi, kwenye chumba cha upasuaji cha Hospitali ya Litembo, au ile ya Liuli kando ya Ziwa Nyasa. Kinyama kikishakatwa kwenye titi huanza kuharibika papo hapo. Kinatakiwa ndani ya saa moja kizamishwe kwenye fomalini ya asilimia 10, inayokizidi mara kumi kwa ujazo, tena katika chupa ya mdomo mpana. Kikisokomezwa kwenye kichupa chembamba hukakamaa, na kukitoa ni mpaka kukikatakata. Humo kikae saa 6 hadi 72, la sivyo kipimo cha kujua kama uvimbe unachochewa na homoni chaweza kudanganya. Sasa linganisha saa hizo na safari ya basi kutoka Mbinga, kupitia Songea, hadi Dar es Salaam ziliko hospitali za Ocean Road na Muhimbili, halafu ongeza Jumamosi na Jumapili chupa ikiwa imelala mapokezi.

Ndiyo maana naona kazi ya kugandisha kinyama kwenye nta ya parafini ifanyike Songea. Kikishakuwa ndani ya nta hakina haraka, na hutunzika kwa miaka mingi, jambo ambalo ndilo mtaji wa mtafiti. Dar es Salaam ijengewe ghala la vipande hivyo, lenye sakafu imara maana shehena yake ni nzito kuliko wengi wanavyodhani.

Watasema madaktari wa patholojia ni wachache, hivyo vifaa vya Songea vitafunikwa shuka bila kutumika. Lakini kuandaa nta ni kazi ya fundi wa maabara; daktari husoma baadaye, popote alipo. Wengine watasema kuchelewa si lazima kuharibu, wakikumbusha kwamba mwaka 1963 sampuli ya saratani ya Burkitt kutoka Uganda ilicheleweshwa na ukungu ikielekea London, na humo ndimo mtafiti Epstein na wenzake walimopata seli zilizowafikisha kwenye kirusi kilichotangazwa 1964. Kweli, ila wao walitaka seli hai za kuotesha. Mgonjwa wa Mbamba Bay, huko huko Ziwa Nyasa, anataka jibu.

Basi wasanifu, kabla ya kuchora ukuta wa kwanza, waanzie Litembo, waifuate chupa moja mpaka Dar es Salaam wakiandika saa yake katika kila kituo.