Musaga: Kupima korongo katika mtaa wenye kumbukumbu za vita

Mvua inaponyesha Bujumbura, wakaazi wa kando ya makorongo huhofia nyumba zao. Wanafunzi wa jiografia wanaweza kusaidia kuipima hatari hiyo, lakini katika mtaa kama Musaga vipimo hutegemea kwanza imani ya wenyeji.

Musaga iko kusini mwa jiji, kati ya mito Muha na Kanyosha, kwenye mteremko unaoshuka kutoka milima ya Mumirwa kuelekea Ziwa Tanganyika. Maji hushuka kwa kasi, na paa za mabati zilizosongamana huyaongezea nguvu. Athari za maji hayo zinajulikana: usiku wa kuamkia Februari 10, 2014, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 60 kaskazini mwa Bujumbura.

Mwanafunzi hupima nini?

Hupima upana na kina cha korongo, pamoja na umbali uliobaki hadi ukuta wa nyumba, kisha hurejea baada ya masika kupima pale pale. Picha za satelaiti humwonyesha ukingo ulipo leo. Mwaka ambao jiko la jirani lilitumbukia, anaujua mzee wa mtaa.

Kwa nini maswali huzua hofu?

Swali "Ulihamia hapa lini?" laonekana dogo. Lakini baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 21, 1993, vita viliwalazimisha wengi kuhama, na mitaa ya Bujumbura ikagawanyika kwa misingi ya kikabila. Mwaka 2015, Musaga ilikuwa miongoni mwa ngome za maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza, na watu waliuawa. Anayetaja tarehe ya kuhama huenda anasimulia msiba. Mwingine huhofia kwamba ramani itatumika kumwondoa bila fidia.

Ndiyo maana kazi nzuri huanza kwa barua ya chuo, kibali cha serikali na salamu kwa mkuu wa nyumba kumi. Nyumba hupewa nambari badala ya majina, picha hupigwa kwa ridhaa, na asiyetaka kujibu haulizwi mara ya pili.

Lugha nayo ina uzito wake. Sheria ya mwaka 2014 inavitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakimo, ingawa ndicho lugha ya kila siku kwa wengi wa Buyenzi na Bwiza. Fomu ya Kifaransa pekee humpa mwanafunzi majibu ya kukisia, na majibu hayo huharibu ramani.

Mkaazi anayo haki ya kuuliza: nani atayasoma majibu yangu, na matokeo yatarudi lini mtaani? Vipimo vikibaki kwenye kabati la chuo, korongo litaendelea kupanuka, na mtafiti ajaye atakuta milango imefungwa.