Bangi Halali, Sumu Haramu



Mama akirudi na nyanya kutoka sokoni, kazi ya kwanza ni kuziosha. Anafahamu kwamba mkulima alipita na bomba la dawa shambani, na huenda alipita juzi tu. Nyanya huoshwa, humenywa, hupikwa. Sasa fikirieni zao ambalo halioshwi wala halimenywi, bali hukaushwa pamoja na kila kilichopuliziwa juu yake, kisha likawashwa moto na moshi wake ukavutwa mpaka ndani ya mapafu. Zao hilo ni bangi.

Najua wapo watakaofunga redio hapo hapo. Bangi hapa Tanzania ni marufuku, na sikuja kuitetea. Nazungumzia Marekani, ambako majimbo mengi yameihalalisha. Wananchi wa Colorado walipiga kura mwaka 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Wanunuzi, tena, si vijana wa vijiweni peke yao. Wamo wagonjwa wa saratani wanaoitumia kupunguza kichefuchefu na maumivu, watu ambao miili yao tayari imechoka.

Bangi ya biashara hulimwa zaidi ndani ya majengo, chini ya taa kali, mimea ikiwa imesongamana. Joto na unyevu wa humo huwafurahisha utitiri, pamoja na ule ukungu mweupe ambao mabwana shamba huuita ubwiri unga. Ukungu ukiingia chumba kimoja, mkulima anaweza kupoteza fedha nyingi kwa wiki chache. Basi hukimbilia bomba. Lakini anajaza dawa gani?

Hapo ndipo penye kisa. Katika nchi yenye utaratibu, kiuatilifu hakiuzwi hivi hivi. Kampuni hueleza dawa ni ya zao gani, ipuliziwe kiasi gani, na zipite siku ngapi kabla ya kuvuna. Serikali hupima, ikiridhika husajili, na maelezo ya kwenye lebo huwa ni sheria. Hapa kwetu kazi hiyo ilikuwa ya TPRI kule Arusha, na sasa ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Marekani ni ya Shirika la Kulinda Mazingira, la serikali kuu. Na kwa serikali kuu hiyo, bangi ya kuvuta ilibaki haramu hata majimbo yalipoiruhusu. Shirika halikuweza kusajili dawa kwa ajili ya zao ambalo sheria yake hailitambui. Kwa hiyo jimbo lilitoa leseni, likakusanya kodi, duka likawashwa taa, na hakukuwa na kiuatilifu hata kimoja kilichopimwa kwa mtu atakayevuta moshi wake.

Wengine watauliza: kama dawa imeruhusiwa kwenye zabibu, kwa nini isifae kwenye bangi? Kwa sababu tumbo si pafu. Tunachokula hupita kwenye ini, na ini hupunguza makali ya sumu nyingi. Moshi hauna kituo cha ukaguzi. Kutoka pafuni ni damu moja kwa moja. Halafu kuna moto wenyewe. Chukueni dawa ya ukungu iitwayo maiklobutanili. Kwenye zabibu inakubalika kwa kipimo. Ikipashwa joto kupita nyuzi 200 hivi huanza kuvunjika na kutoa gesi ya sianidi, na ncha ya msokoto unaowaka ina joto zaidi ya hapo. Sisemi kila aliyevuta alikunywa sianidi ya kumwangusha. Nasema dawa ile ilipimwa kwa mla zabibu, si kwa mvuta moshi. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2013 walikuta kwamba kwa anayevutia kiko cha kioo, karibu asilimia 70 ya mabaki ya viuatilifu yaweza kuhamia kwenye moshi. Na bangi ikikamuliwa kuwa mafuta, sumu nayo hukamuliwa pamoja nayo, ikazidi kuwa nzito.

Mwaka 2015 wakaguzi wa jiji la Denver walizuia mimea zaidi ya 100,000 kwa shaka ya viuatilifu visivyoruhusiwa. Mwezi Novemba mwaka huohuo gavana wa Colorado aliagiza kwamba bangi yenye sumu hizo ihesabiwe kuwa hatari kwa usalama wa umma. Wavutaji wawili walikuwa wamekwenda mahakamani kumshitaki mkulima. Kesi ilitupwa mwaka 2016: hawakuonyesha kwamba wameumia. Mwenye kuumia polepole ataonyesha nini mbele ya hakimu? Kanada, ambako wakati huo bangi ilikuwa ya wagonjwa tu, nako maiklobutanili ilikutwa kwenye bidhaa za wakulima wenye leseni, zikarudishwa kutoka mikononi mwa wagonjwa mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017. Tangu Januari 2019 upimaji huko ni wa lazima.

Dawa ya tatizo, basi, ikaonekana kuwa maabara. California ilianza mwaka 2018 kudai kila shehena ipimwe viuatilifu 66. Lakini anayelipa maabara ni mkulima mwenyewe. Maabara inayokataa mizigo hupoteza wateja; inayopitisha hujaza foleni. Mwezi Juni 2024 gazeti la Los Angeles Times, pamoja na jarida la WeedWeek, lilichapisha matokeo ya kununua bidhaa kutoka maduka halali na kuzipeleka kupimwa upya. Nyingi zilikutwa na sumu kupita viwango, nazo zilikuwa zimeshapita maabara.

Ukikaza kamba sana, gharama hupanda, na mnunuzi hukimbilia bangi ya magendo. Hiyo je? Kwenye misitu ya umma kaskazini mwa California askari wamekuta mashamba ya siri yenye karbofurani, ambayo Marekani iliiondoa kwenye mazao ya chakula mwaka 2009. Wengi hapa wataijua kwa jina la dukani, Furadan. Ndiyo ileile iliyotumiwa Kenya kuwatilia simba sumu, mpaka mtengenezaji akaanza kuinunua upya kutoka madukani mwaka huohuo wa 2009.

California sasa ina maabara ya serikali ya kukagua kazi za maabara za kulipwa, na wakaguzi wake wanaweza kuchukua sampuli kutoka rafu ya duka. Malipo ya kipimo cha kwanza, hata hivyo, bado yanatoka mfukoni mwa mkulima.