Kujitayarisha kwa Rufani ya Fidia ya Kuumia Kazini

Mtu akiumia kazini nchini Kenya, ana haki ya kulipwa fidia. Haki hiyo imo katika Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Mchuma chai, mpasua mbao, mchimba mawe, wote wamo. Lakini wengine hupewa fidia ndogo kuliko inayowapasa. Wengine huambiwa kwamba hawana ulemavu wowote. Je, mtu wa namna hiyo afanye nini?

Kwanza na ajue fidia ilivyohesabiwa. Daktari hupima ulemavu wa kudumu kwa asilimia, yaani mafungu kati ya 100. Aliyepofuka macho yote mawili huhesabiwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100. Aliyepoteza kidole huhesabiwa kidogo. Kisha huchukuliwa mshahara wa miezi 96, ukagawanywa kwa kadiri ya asilimia hiyo.

Tuchukue mfano wa mpasua mbao aliyekatwa vidole na msumeno wa mashine. Mshahara wake ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa miezi 96 ni shilingi 960,000. Daktari ameandika asilimia 10. Basi fidia yake ni shilingi 96,000.

Sasa tazama. Mtu huyu alikuwa pia akipewa nyumba na mwajiri, na nyumba hiyo ina thamani ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Sheria inasema thamani ya nyumba na chakula anachotoa mwajiri huhesabiwa pamoja na mshahara. Hata malipo ya saa za ziada huhesabiwa, kama yalikuwa ya kawaida na si ya mara moja moja. Basi hesabu ingeanzia shilingi 12,000, na fidia ingekuwa shilingi 115,200. Kama asilimia yenyewe ilipaswa kuwa 20, angepata shilingi 230,400. Hiyo ni tofauti ya ng'ombe kadhaa! Kwa hiyo usikubali wala usikatae kabla hujachukua kalamu ukapiga hesabu mwenyewe.

Ukiona hesabu si sawa, usikimbilie mahakamani. Mlango wa kwanza ni Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ndiye aliyetoa uamuzi. Mwezi wa Desemba mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba sheria hii ni halali, na kwamba madai ya namna hii yaanze kwake. Mtu akikuambia umlipe akufungulie kesi mara moja bila kupitia huko, muulize kwa nini anaruka mlango.

Pingamizi hupelekwa kwa maandishi, katika fomu yake. Unazo siku 60. Siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, si tangu ulipoletewa barua. Barua yaweza kukaa kwa mwajiri au posta wiki tatu, na wiki hizo zimekwisha kuliwa. Tafuta tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Chukua kalenda, hesabu siku moja moja, kisha utie alama siku ya 60. Mimi ningepeleka pingamizi kabla ya siku ya 30.

Katika pingamizi eleza mambo mawili: jinsi ulivyoumia na kukosewa, na kitu unachotaka kifanywe. Usiandike tu "nimeonewa". Andika hivi: "Mshahara wangu ulihesabiwa bila nyumba. Naomba uhesabiwe pamoja na nyumba." Ukipinga asilimia, tafuta ripoti ya daktari mwingine. Mwambie daktari kazi yako ya mikono ilivyokuwa, maana asiyewahi kupasua mbao hajui kidole gumba kina kazi gani katika kushika ubao.

Mkurugenzi anapaswa kujibu kwa maandishi katika siku 14, akitoa sababu. Usiporidhika, unazo siku 30 za kukata rufani mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hiyo ndiyo iliyoitwa zamani Mahakama ya Viwanda. Siku hizi 30 huanza siku ulipopokea jibu. Kwa hiyo ihifadhi bahasha pamoja na barua, na uandike tarehe uliyoipokea.

Weka karatasi zako zote katika mfuko mmoja usioingia maji: fomu ya ajali, ripoti za hospitali, vipande vya mshahara, barua zote. Ukitakiwa kutoa karatasi, toa nakala, ubaki na ile ya asili. Na usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoielewa. Sasa unajua kusoma. Omba muda uisome polepole. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, omba usomewe na mtu unayemwamini, si wa upande wa mwajiri.

Kesi ya rufani ni ngumu bila wakili. Asiye na fedha aweza kuomba msaada katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Kabla ya siku ya kusikilizwa, jizoeze kueleza mambo yako kwa ufupi mbele ya mke au mume wako. Ulikuwa ukifanya kazi gani? Sasa unashindwa nini? "Siwezi kufunga kifungo cha shati" ni maneno yenye nguvu kuliko "naumia sana". Usiongeze chumvi. Ukisema huwezi kuinua chochote, kisha ukaonekana umebeba ndoo, hata maneno yako ya kweli yatatiliwa shaka.

Siku yenyewe fika mapema. Mwonyeshe karani namba ya kesi yako. Kama hujui Kiingereza, sema mapema kwamba unataka mkalimani. Ukiulizwa swali usilolielewa, omba lirudiwe, si aibu. Mara nyingi kesi haimaliziki siku hiyo. Kabla hujatoka, muulize karani tarehe nyingine, uiandike kwa mkono wako mwenyewe, na umsomee aihakikishe.